Chuma kile hakinyanyuliwi kwa haraka

Chuma kimemlalia mgongoni. Mtambo mzima umemwangukia, naye yuko kifudifudi ndani ya maficho ya Dokta Octopus, chini ya mto, na dari linavuja. Mbele yake, mahali ambapo mkono haufiki, kuna kopo lenye dawa ambayo shangazi yake May anaisubiri hospitalini. Anajaribu kunyanyua, anashindwa. Anajaribu tena, anashindwa. Maji yanadondoka.

Hiyo ni Amazing Spider-Man namba 33, yenye tarehe ya Februari 1966, iliyouzwa senti 12 huko Marekani. Mchoraji ni Steve Ditko, ambaye kufikia wakati huo ndiye aliyekuwa akipanga kisa chenyewe. Stan Lee alikuja kuweka maneno baada ya picha kuwa tayari. Niliisoma utotoni, nikaisahau, nikakutana nayo tena mwaka jana nikiwa mtu mzima mwenye miwani ya kusomea. Nilikuwa nimejiaminisha kwa miaka mingi kwamba komiki na mimi tumemalizana. Kurasa tano zilitosha kunirudisha.

Nataka kueleza zilivyonirudisha, kwa sababu naona wengi wa rika langu tumeacha kusoma komiki za mashujaa wenye nguvu za ajabu tukidhani tumekua. Kumbe mashujaa walihamia kwenye sinema, sisi tukawafuata huko, na mzigo mmoja wa thamani ukabaki nyumba ya zamani. Hakuna aliyerudi kuuchukua.

Kisa cha namba 33 kina wabaya na ngumi kama visa vingine, lakini Ditko ameanza kwa kutenga kurasa zipatazo tano kwa tendo moja tu: mtu kunyanyua kitu kizito. Mwanzoni mwili wa Spider-Man ni mdogo ndani ya picha, chuma kimetawala kila upande, na tunamwona kana kwamba tumesimama mbali na hatuwezi kumsaidia. Anazifikiria nyuso mbili: ya mjomba Ben, aliyekufa kwa sababu kijana huyu aliwahi kumwacha mwizi apite, na ya shangazi May, ambaye ugonjwa wake umetokana na damu yenye mionzi aliyomtolea yeye mwenyewe. Hapo anaanza kusogea. Bega kwanza. Kisha mgongo. Kila anaposogea, picha inakua, Ditko anampa nafasi zaidi ukurasani, kana kwamba hata mistari ya fremu inasukumwa na bega lake. Halafu inakuja picha moja inayojaza ukurasa mzima, na chuma kiko juu ya kichwa chake.

Sasa angalia kati ya picha na picha. Kuna mwanya mweupe, mwembamba kuliko kidole, usio na kitu ndani yake. Katika picha ya juu bega liko chini. Katika picha inayofuata bega limeinuka. Nani aliyeliinua? Ditko hakulichora likiinuka. Lee hakuandika kwamba linainuka. Umeliinua wewe, kwa muda ulioamua wewe, na ndiyo maana ukifika ule ukurasa mkubwa unajikuta umeshusha pumzi. Scott McCloud, Mmarekani aliyeandika mwaka 1993 kitabu kizima cha kuchambua komiki kwa lugha ya komiki yenyewe, Understanding Comics, aliuweka mwanya huo katikati ya hoja yake: msomaji ndiye anayezishona picha mbili zikawa tukio moja.

Sisi tuliokaa miguuni pa bibi tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Msimulizi akisema "Paukwa!" hasogei mbele mpaka wasikilizaji waitike "Pakawa!" Bila kiitikio hadithi haina ruhusa ya kuanza, na bibi mwenye ujuzi anaweza kuirudia ile paukwa mara tatu mpaka watoto wote waamke. Mwanya mweupe wa komiki ni mahali pa kuitikia. Mchoraji anasema, ananyamaza, anakungoja.

Sinema haingoji. Mwaka 2017, filamu ya Spider-Man: Homecoming ilimweka kijana Peter Parker chini ya kifusi cha zege, kwa heshima ya wazi kwa kurasa hizi za Ditko. Ni sehemu nzuri ya filamu. Tom Holland analia kama mtoto anavyolia akiwa peke yake, na niliguswa. Lakini niliguswa kwa mwendo uliopangwa na mhariri: muziki ulinijulisha lini niogope na lini nitumaini, na kifusi kiliponyanyuka kilinyanyuka kwa sekunde zilezile kwa kila aliyeketi ukumbini. Kwenye karatasi nimekaa na kile chuma usiku mmoja zaidi ya robo saa. Nilirudi nyuma. Nilifunika ukurasa mkubwa kwa kiganja nisiuone mapema. Nguvu ya ajabu niliyoiona hapo ilikuwa ya mkono uliochora kijana akichoka, na sehemu yake kidogo ilikuwa yangu.

Nieleze basi tulivyoipoteza raha hii, maana sinema peke yake haikuiua. Ugonjwa ulianzia ndani ya komiki zenyewe.

Mwaka 1991 kampuni ya Marvel ilitoa X-Men namba 1 ikiwa na majalada matano tofauti. Zilichukuliwa zaidi ya nakala milioni 8, idadi ambayo hakuna komiki moja ya Marekani iliyowahi kuifikia. Ukiisikia takwimu hiyo unaweza kudhani ndicho kilikuwa kilele cha usomaji. Haikuwa hivyo. Watu walinunua nakala tano tano kwa ajili ya majalada, wakazitia kwenye mifuko ya plastiki, wakaziweka kabatini wakitumaini zitasomesha watoto wao chuo kikuu. Mwishoni mwa 1992 DC, kampuni pinzani, wakamuua Superman kwenye toleo la 75, watu wakapanga foleni, na kabla mwaka uliofuata haujaisha alikuwa amerudi. Nakala iliyochapwa kwa mamilioni haiwezi kuwa adimu. Waliohifadhi walikuja kugundua kwamba wamehifadhi karatasi. Maduka mengi yalifungwa, na Desemba 1996 Marvel wenyewe wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kwangu mimi huzuni ya kipindi kile inazidi ile ya fedha. Ni picha ya mtoto aliyenunuliwa komiki na kukatazwa kuifungua.

Ugonjwa wa pili ni wa kuunganisha kila kitu na kila kitu. Kisa kinaanzia kwenye toleo la shujaa mmoja, kinaendelea kwa mwingine, kinamalizikia kwenye mfululizo wa tatu ambao hujawahi kuushika. Mwaka 1985 DC walijaribu kuufagia mlundikano wao wa dunia sambamba kwa Crisis on Infinite Earths, matoleo 12 yaliyochorwa na George Pérez kwa uvumilivu wa fundi wa kudarizi kofia. Mwaka 2011 wakafagia tena, wakaanzisha majina 52 kwa mpigo. Vumbi lilirudi. Msomaji akageuka karani: nani alikufa lini, nani alifufuka wapi, dunia ipi ni ipi. Filamu zimeurithi ukarani huo wote. Leo mtu anakuuliza kama "umejiandaa" kabla ya kwenda kuangalia sinema, kama vile kuna mtihani wa taifa.

Raha yangu ilirudi nilipouweka ukarani chini. Sikutaka tena kujua kila kitu. Nilichukua toleo moja, nikalisoma kama unavyosoma shairi moja katika diwani, bila kuuliza shairi la ukurasa wa 90 linasema nini. Na komiki za mashujaa, nashangaa ni wangapi wanaolijua hili, zina matoleo mengi yanayosimama yenyewe.

Chukua All-Star Superman, ya Grant Morrison na Frank Quitely, iliyoanza mwaka 2005 na kumalizika 2008 kwa matoleo 12. Ukurasa wake wa kwanza una picha nne na maneno manane tu kwa Kiingereza. Sayari inayoangamia. Wanasayansi waliokata tamaa. Tumaini la mwisho. Mume na mke wenye huruma. Basi. Kisa cha asili ya Superman, ambacho filamu zimekirudia kwa dakika nyingi, Morrison amekikunja kikaenea kiganjani, kwa sababu anajua kwamba msomaji tayari anakijua na anachohitaji ni kuitika pakawa. Ukigeuza karatasi, Superman yuko kazini.

Katika toleo la 10 la mfululizo huohuo, Superman mwenyewe anakufa. Jua limemjaza kupita kiasi na chembe za mwili wake haziwezi kuistahimili nguvu hiyo. Ana orodha ya mambo ya kukamilisha kabla ya siku yake. Katikati ya shughuli zile kubwa kuna ukurasa mmoja wenye binti mdogo aliyesimama kwenye ukingo wa ghorofa, amekata tamaa, yuko tayari kujirusha. Superman anatokea nyuma yake. Anamwambia kwamba daktari wake kweli alichelewa, hakumtupa, na kwamba yeye ana nguvu kuliko anavyofikiri. Kisha anamkumbatia. Huo ni ukurasa mmoja, na hakuna mtu anayerudi baadaye kuutaja. Quitely amechora mabega ya Superman yakiwa yameinama kidogo kumfuata mtoto, mabega yanayoweza kubeba mlima, yameshushwa yatoshe kukumbatia. Nimesoma riwaya nyingi zilizosifiwa ambazo hazina sentensi yenye uzito wa mabega yale.

Halafu kuna Hawkeye namba 11, ya Matt Fraction na David Aja, ya mwaka 2013, ambamo kisa kizima kinasimuliwa na mbwa. Mbwa hasomi na Kiingereza anakijua kidogo, basi maneno mengi kwenye viputo vya mazungumzo ni mikwaruzo isiyosomeka; yanasomeka yale machache tu anayoyafahamu. Kila anayemkaribia anazungukwa na alama ndogo ndogo zilizounganishwa kwa mistari, mithili ya ramani: kahawa, damu, chakula, mtu fulani aliyemgusa asubuhi. Ni harufu zimechorwa. Lilishinda tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya komiki huko Marekani, ya toleo bora mwaka 2014. Jaribu kulifanya hilo kwa kamera. Kamera inaweza kushuka mpaka kimo cha mbwa. Haiwezi kukuonesha pua yake inafikiri nini.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa kwetu hawezi kulipita kimya. Komiki hizi ni za Marekani, nyingi za mwanzo zilibuniwa na watoto wa wahamiaji wa miji kama Cleveland na New York, na zilipoigeukia Afrika mara nyingi zilichora pori. Nilipokuwa mtoto nililiona hilo bila kuwa na maneno ya kulisema. Nilikuwa nalo jarida la katuni la Sani pia, la kwetu Tanzania, na wahusika wake Ndumilakuwili na Lodilofa walikuwa watu wa mtaa wangu kabisa, wenye viatu ninavyovijua. Storm wa X-Men alikuwa kitu kingine. Alitokea mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men namba 1, ya Len Wein na Dave Cockrum: mwanamke mwenye nywele nyeupe anayeamrisha mvua, anaabudiwa kama mungu mahali fulani Kenya. Mama yake, tunaambiwa baadaye, ni binti wa kifalme wa Kenya, na msichana yatima alitembea kutoka Cairo mpaka Serengeti. Hakuna Nairobi ndani yake, hakuna matatu, hakuna hata duka la Mhindi.

Lakini jina lake ni Ororo. Kwenye komiki tunaambiwa maana yake ni uzuri. Sikio la Mswahili linasikia ngozi nyororo, udongo mwororo baada ya mvua. Nilipokuwa na miaka kumi jina lile lilinitosha kumchukua akawa wangu, na sioni haya kusema kwamba bado ni wangu. Uhakiki wa kweli unaweza kushika vitu viwili: kwamba pori lile lilikuwa uvivu wa mtu aliyeko mbali, na kwamba mtoto wa Kitanzania alimpata shujaa ndani yake.

Kurudi kwangu kulinipa pia kitu ambacho utotoni nilikiruka. Uncanny X-Men namba 198, Oktoba 1985, ya Chris Claremont, imechorwa na Barry Windsor-Smith. Storm amekwisha kupoteza nguvu zake. Mwaka mmoja kabla, katika namba 186, alikuwa Dallas, na toleo karibu zima lilikuwa watu wawili wakizungumza. Sasa yuko Afrika, kwenye ukame, na anakutana na mjamzito anayeitwa Shani na mzee anayetaka kufa ili mtoto apate nafasi yake duniani. Akifa mmoja, azaliwe mmoja. Kisa kina makosa ya mtazamaji wa mbali, ndiyo, lakini hakuna ngumi, hakuna adui, hakuna radi. Mtoto anazaliwa hapumui, na Storm, ambaye zamani angeuita upepo wa bara zima, anainama na kumpulizia pumzi kwa mdomo wake. Utotoni niliiruka kwa sababu hapakuwa na vita. Sasa hiyo ndiyo ninayoitoa kwanza kabatini.

Na Jack Kirby, ambaye pamoja na Lee alimleta Black Panther katika Fantastic Four namba 52, Julai 1966, aliweza hata pori kulifanya la ajabu. Wageni wanaingia Wakanda, nchi yake ya kubuni, wakitarajia miti, wanakuta matawi ni nyaya na maua ni vitufe vya mitambo. Kirby hakuchora teknolojia kwa usahihi. Alichora jinsi inavyotisha. Ukiitazama picha ile kwa haraka ni fujo ya mistari minene myeusi. Ukitulia, jicho linaanza kupata njia, kama mtu aliyeingia chumba cha giza.

Ndiyo maana nina ugomvi na namna tunavyosomea kwenye simu. Sikatai simu: komiki zilizochapwa ni ghali na ni shida kuzipata huku kwetu, na bila maktaba za kidijitali nisingezipata hata nusu ya nilizozitaja. Lakini programu nyingi hukuonesha kisanduku kimoja kimoja, zikikata ukurasa vipande ili utoshe kwenye kioo. Unagusa, kisanduku kinateleza, kingine kinakuja. Kwa Ditko huo ni uharibifu. Ukurasa wake unafanya kazi kwa sababu unaviona visanduku vyote kwa wakati mmoja, vidogo na vikubwa, na jicho linajua kwamba chini kuna nafasi zaidi kabla halijafika huko. Ukimpa kila kisanduku ukubwa sawa wa kioo, umemnyang'anya Spider-Man ile nafasi aliyoipigania. Afadhali kukuza picha kwa vidole viwili na kuumia macho kidogo. Mwenye tablet ya kuazima, aazime.

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka tisa, alikuja kwangu likizo. Ameziona filamu zote, anajua nani ameunganishwa na nani kuliko mimi. Nilimwekea namba 33 mezani, nikaenda jikoni bila kumweleza neno. Kiingereza chake bado cha kuungaunga, kwa hiyo nilidhani angepekua picha na kuirudisha kabla chai haijachemka. Nilipochungulia alikuwa kwenye ukurasa wa tatu, kidole kikiwa juu ya karatasi. Alikuwa ameufikia ule ukurasa mkubwa, akarudi nyuma.

"Shangazi," aliniita, bila kuinua kichwa. "Njoo uone. Hapa maji yalikuwa yanadondoka tu. Hapa je?"